Mwaka Moshi Ulipokatika Jikoni

Mume wangu ni mtu wa bei poa, na sisemi hivyo kwa kumsifia. Ukimwambia kitu fulani kinauzwa hapa sokoni Nachingwea, atakukatalia hapo hapo, atasema Ruangwa kinapatikana kwa pungufu, na kesho yake alfajiri yuko stendi amevaa kofia. Nauli ya kwenda haihesabu. Ya kurudi haihesabu. Chai na maandazi aliyokula huko ndiyo kabisa, hayo yanaitwa mambo ya safari. Jioni atarudi amekumbatia ndoo mbili za plastiki, vumbi hadi kwenye kope, na wewe mke unatakiwa umpokee kwa bashasha na umwambie umepatia. Nimemwambia umepatia kwa miaka kumi na minne. Nilichoka mwaka wa pili.

Nyumba yetu imejaa upatiaji wake. Kuna kabati la vyombo lisilo na mlango mmoja, kuna pasi ambayo lazima uishike kwa pembeni isikupige shoti, kuna sahani sita ambazo hakuna mbili zinazofanana. Kuna godoro alilolinunua kwa mtu wa Mbwemkuru, lina bonde katikati, na siku alipolileta aliniambia upande wenye bonde nilale mimi kwa sababu mimi ndiye mwepesi. Nikalala. Na asubuhi niliamka na mgongo wangu nikaenda kuchota maji, maana maji hayana bei poa, yanataka mtu ayabebe, na mtu huyo hajawahi kuwa yeye.

Sasa kabla sijafika kwenye ugomvi wenyewe, lazima niseme habari za mbegu.

Mama mkwe wangu anakaa Malolo, upande wa Ruangwa. Ana mahindi yake ambayo huwezi kuyakuta dukani: mafupi, meupe yenye madoa mekundu, na yanawahi mno. Mvua ikishika vizuri, unachoma mahindi wakati ya jirani hayajatoa hata ndevu. Miezi ile ghala zimebaki vumbi na watu wanaanza kupimiana unga kwa kikombe, sisi tunakula. Mbegu hiyo alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na mama yake. Haijawahi kununuliwa wala kuuzwa. Anayeomba anapewa kiganja, na akivuna anarudisha kiganja, maana mbegu hutunzwa nyumba moja tu.

Macho ya mama yalipoingia mtoto wa jicho, akawa hawezi tena kupanda kwenye uchaga wa jikoni kwake. Ana mabinti wawili wa kuzaa. Hakuwapa wao. Alifunga mahindi yake yote ya mbegu kwenye kiroba, akapanda basi, akaniletea mimi. Alikaa wiki nzima akinifundisha kazi ambayo niliona ya siku moja. Maganda hayatolewi, yanarudishwa nyuma na kufungwa mawili mawili. Yanatundikwa juu ya mafiga, si pembeni, juu kabisa. Na moto uwake kila siku, hata kama siku hiyo huna cha kupika, chemsha maji umwage. Alisema moshi usikatike, dumuzi mtoboa mahindi anangoja siku moja tu. Aliniambia pia kwamba huko Malolo hakubakisha hata punje, zote ziko kwangu.

Nilizitunza. Nikisafiri nilimwachia jirani ufunguo wa jiko aje aniwashie. Nikifiwa nilirudi kutoka msibani nikakoka moto kwanza ndipo nikavua viatu. Katika nyumba hii mimi nimepewa ndoo, nimepewa jembe, nimepewa watoto wa kufulia na mwanaume wa kupikia. Kitu cha kuaminiwa nilipewa kimoja tu, nacho kilining'inia juu ya moto wangu.

Haya. Mwezi wa tano, mwaka wa ugomvi wenyewe, mavuno yameingia na mbegu nimeshaitundika, mume wangu alikuja na rafiki zake watatu wa bodaboda. Niliwapikia ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, kuni zilikuwa mbichi, nimelia jikoni hadi kope zimevimba. Ninapoweka sinia chini, nimepiga goti, yeye akawaambia wenzake wasishangae harufu, mke wake huwa anabanikwa pamoja na samaki. Wakacheka. Mmoja alicheka akapaliwa na maji, na mimi ndiye niliyempelekea kikombe kingine.

Mimi nikikasirika sipigi kelele. Kelele ni za mtu anayetaka kubembelezwa. Nililiweka lile neno mahali pake nikaendelea kuosha vyombo.

Ufuta ulipouzwa, akapata habari kwamba mtumishi mmoja wa Ruangwa amehamishwa na anauza vyombo vyote vya ndani kwa haraka. Watu wa namna yake wakisikia mtumishi amehamishwa, usingizi hauji. Alikwenda siku hiyo hiyo, akarudi na mtungi mkubwa wa gesi na jiko la plate mbili. Konda alimsaidia kushusha. Nusu ya mtaa walikuja kutazama akiliwasha. Akazungusha swichi, ukatoka moto wa bluu, akanitazama na kuniambia mbele za watu kwamba sasa nitanukia kama wake za wenzake.

Nisiwe mnafiki, jiko nililipenda. Chai ilikuwa tayari kabla watoto hawajamaliza kuvaa sare. Sufuria hazikuwa na masizi ya kusugulia stilwaya hadi vidole vitoke ngozi. Kama angeishia pale, huenda leo ningekuwa namsema vizuri.

Hakuishia pale. Mtu wa bei poa akishapata kitu kipya, anaanza kutafuta cha zamani cha kuuza. Aliangalia jiko langu la nje, nguzo zake na mabati yake yaliyoliwa na kutu, akapata mtu anayejenga banda la kuku. Jumamosi moja asubuhi nimetoka kuanika nguo, nakuta yuko juu ya paa na wanaume wawili wa jirani, wanang'oa misumari.

Nilisimama chini nikamwambia zile mbegu za mama zinataka moshi, zikikaa bila moshi zitaliwa. Nilisema taratibu, tena kwa heshima. Aliniangalia kutoka juu na nyundo yake mkononi.

"Kwani mbegu nazo zina pua?" akasema. "Au zinavuta sigara?"

Wale wawili wakacheka hadi bati likawaponyoka. Mimi nikasema, haya.

Mwanaume anayemjua mke wake angeteremka kwenye ngazi aliposikia ile haya. Yeye aliendelea kung'oa misumari. Nikaingia, nikayateremsha mahindi yote, fungu kwa fungu, meusi kwa moshi wa nyuma, nikayapeleka stoo nikayatundika kwenye boriti karibu na majembe. Kufika adhuhuri jiko langu lilikuwa limepakiwa kwenye mkokoteni.

Kilichofuata ni vita ya gesi. Aliyeleta gesi ili nipumzike ndiye aliyekuwa akilisogelea lile jiko kupunguza moto. Maharage yakawa marufuku, eti yanamaliza gesi. Muhogo marufuku. Maji ya kuoga marufuku, ila ya kwake. Akiwa sebuleni alikuwa anaisikiliza swichi ikizungushwa, na akisikia naizungusha mara mbili anakohoa. Nikanunua jiko la mkaa nikawa nachemshia maharage kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mvuke wote unaniingia usoni, na yeye anapita ananiruka. Mtungi ulipokwisha alikataa kuujaza hapa. Aliupandisha kwenye basi akaupeleka Ruangwa, akarudi kesho yake kwa sababu basi liliharibika njiani, na tulishinda siku mbili kwa uji wa kwenye mkaa. Alipofika nilimwambia umepatia.

Mwezi wa nane nilikuwa nafagia stoo. Nikaona unga. Mstari mwembamba mweupe sakafuni, chini ya zile mbegu sawasawa. Nilichutama nikaugusa, laini kabisa, kisha nikatikisa fungu moja, ukadondoka mwingine na dumuzi wawili ndani yake wakakimbilia kwenye kivuli cha kiroba.

Nilifunua maganda. Hindi la kwanza lilikuwa limetobolewa kwenye kitako. La pili zima. La tatu zima. Nilifunua kama kumi, nikakuta mabovu mawili. Sikuhitaji mtu wa kunifundisha la kufanya. Ningeyachambua, ningeyaanika juani siku mbili, ningekwenda kwa jirani yangu anayepika kwa kuni hadi leo, mlango wake hauzidi hatua ishirini kutoka wangu, nikamwomba nafasi juu ya mafiga yake. Asingekataa. Ilikuwa kazi ya nusu siku.

Nilikaa palepale nimechutama, ufagio mkononi, na nikasikia tena kile kicheko cha juu ya bati. Nikamwona mama mkwe anafika mwezi wa kumi na moja, kama kila mwaka, anaingiza mkono kwenye maganda. Nikamwona mume wangu amesimama pale na mtungi wake. Nisingehitaji kufungua mdomo. Unga wenyewe ungesema.

Nikaufagia ule unga, nikaumwaga shimoni, nikafunga mlango wa stoo.

Kila Jumamosi nilifagia. Kila Jumamosi unga ulizidi, na kila Jumamosi niliumwaga na kufunga mlango, na nitasema ukweli wangu, moyo wangu ulikuwa mweupe. Nilikuwa napika nikiimba. Akikohoa kwa sababu ya swichi, naitabasamia ile swichi. Yeye alidhani nimezoea gesi, akawaambia rafiki zake kwamba mwanamke ukimpa maisha bora hata kununa anaacha. Hakuingia stoo hata siku moja, maana stoo ni ya kufagiwa.

Korosho zilipoanza kudondoka tulikwenda shambani pamoja, tukaokota pamoja, tukanyonyoa korosho kwenye mabibo tumekaa goti kwa goti siku nzima, na neno tulilosemezana ni "sogeza ndoo." Niliporudi siku moja katika mwezi wa kumi, nikaingia stoo kuweka viroba, nikashika fungu moja la mbegu ili nilisogeze. Likabonyea mkononi. Hindi zima, halina uzito, limebonyea kama mkate uliokauka.

Hapo ndipo niliogopa. Nilikimbia kwa jirani kuomba majivu, nami kwangu majivu sikuwa nayo tena ila ya mkaa kidogo. Nikayapaka mahindi yote. Nilijua kabisa kwamba nampaka maiti mafuta. Kisha nikajiambia kosa ni lake, yeye ndiye aliyeng'oa bati, mimi nilisema akanicheka. Nililirudia hilo hadi nikalala.

Mama mkwe alikuja mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja, mawingu yameanza kujikusanya. Konda alimshika mkono hadi mlangoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akasimama kwenye ua akageuza uso huku na huku, akauliza mbona hatupiki leo. Mume wangu akacheka, akamwongoza ndani, akawasha jiko lake na kuusogeza mkono wa mama yake karibu ausikie moto.

Nilitegemea atanuna. Mama akafurahi. Alisema vizuri sana, mkamwana wake apumzishe macho, yeye ya kwake moshi ulimla. Akambariki mwanawe pale pale. Akanywa chai aliyoipika mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, kazi ambayo mimi sijawahi kuiona. Kisha akaweka kikombe chini.

"Na mbegu mmezitundika wapi siku hizi?" akauliza.

Mume wangu akanitazama. Alikuwa amesahau kabisa kwamba kuna mbegu. Ile saa niliyoingoja tangu mwezi wa nane ndiyo ilikuwa imefika, nikaenda stoo nikaileta mbegu, nikaimwaga kwenye mkeka mbele yao. Ilianguka bila kishindo. Unga ukapanda hadi kwenye magoti ya mama.

Akapapasa fungu la kwanza, akafunua ganda kwa kidole gumba, akapitisha kidole kwenye mistari ya punje. Akaliweka upande. Akachukua la pili. La tatu likavunjika. Aliendelea, fungu baada ya fungu, na wadudu wanatembea kwenye vidole vyake. Nilimtazama mume wangu nipate haki yangu. Rangi ilikuwa imemtoka. Akapiga goti kwenye mkeka, mtu ambaye sijawahi kumsikia akikiri hata kuvunja kikombe.

"Mama, ni mimi," akasema. "Jiko nililivunja mimi nikauza mabati. Mke wangu aliniambia zinataka moshi, nikamcheka mbele ya watu. Hana kosa."

Maneno hayo niliyasubiri. Niliyapata yote, mpaka na ya ziada. Na sikuona utamu wake, maana mama hakumjibu. Alimpitia tu, akanigeuzia mimi uso wake wenye ukungu.

"Unga ulianza kudondoka lini?"

Aliniuliza mimi kwa sababu sakafu ni yangu. Mwanaume anaweza kuishi na dumuzi mwaka mzima asijue, ila anayefagia anajua siku ya kwanza. Ningeweza kudanganya, kwa macho asingeniona. Mume wangu naye alikuwa ananiangalia, anangoja niseme juzi.

"Mwezi wa nane, mama."

Akahesabu kwa vidole vyake vyenye unga, taratibu, hadi mwezi wa kumi na moja. Halafu akauliza kama jirani bado anapika kwa kuni. Nikasema ndiyo, anapika. Akatikisa kichwa mara moja na hakuuliza tena. Mume wangu alinitazama kama anaangalia mtu aliyeingia nyumba siyo.

Mama aliomba ungo. Nikataka kukaa nimsaidie, akasema aachwe. Alikaa kibarazani kuanzia adhuhuri hadi jua likazama, akipukuchua na kuchambua kwa kucha, kila punje anaibonyeza, yenye tundu anaitupa. Kuku walishiba. Mume wangu alijifanya anapanga viroba vya korosho, mimi nilijifanya nafua, na kila tukikutana kwenye ua tunapishana. Alipomaliza, ungo ulikuwa na punje zisizojaa kikombe cha chai. Zilizobaki duniani za mbegu ile ndizo hizo.

Asubuhi alijifunga kwa safari. Kila mwaka, kabla hajaondoka, yeye ndiye hugawa mbegu: kiganja chake kwanza, kisha mimi napiga goti na kukinga mikono miwili, ananimiminia changu, tunasema amina. Nilipiga goti. Sijui nilitegemea nini, mwili tu ulishuka wenyewe, nikakinga mikono. Alisikia nimeshuka mbele yake. Akazimimina punje zote kwenye pindo la kanga yake, akafunga fundo, akalivuta kwa meno mpaka likakaza. Kisha akanyoosha mkono akatafuta viganja vyangu, akavikuta vimefunguka, akavifumba kimoja baada ya kingine.

"Zako zimeshaliwa, mwanangu," akaniambia, na akamwita mwanawe ampeleke stendi.